Mkono wa Baba Wangari

Wiki jana mjukuu wangu alileta vyombo vyake mezani kwangu, hapa Nyeri mjini, akanihamisha kutoka kiti changu cha dirishani kwa heshima zote. Alikuwa na kibao kidogo cha kijani chenye kompyuta isiyozidi ukucha, nyaya za rangi rangi, na misumari miwili aliyotaka kuichomeka kwenye ndoo ya sukuma wiki yangu ili simu yake imwambie udongo umekauka lini. Mimi humwambia kwamba udongo ukikauka sukuma zenyewe husema, lakini kijana wa siku hizi haamini mboga. Akawasha chuma chake cha kuchomelea, akagusisha waya wa risasi, na ule moshi ukapanda.

Kama nawe ulikulia katika nyumba yenye fundi, unaujua moshi huo. Unanuka utomvu wa mti ulioungua, na ukiuvuta vizuri unaacha ladha ya senti ulimini. Sikuwa nimeunusa tangu utotoni. Kisha akaniambia, "Shosho, shika hizi misumari mbili kidogo. Signal ni ndogo sana, nataka kuona kama ime-amplify." Nilirudisha mikono ndani ya shali nikamwambia ina mafuta. Haikuwa na mafuta. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa amekaa mbele yangu ananishangaa.

Baba yangu alikuwa fundi wa injini katika kiwanda cha kahawa kule upande wa Wamagana. Kiwanda ni neno kubwa. Palikuwa na paa la mabati juu ya mashine ya kuambua kahawa, mahodhi ya saruji ambamo kahawa ililazwa ichache, mfereji wa maji kutoka mtoni, ghala la mbao, na meza ndefu za nyaya zilizoteremka na mlima, ambako kahawa ilianikwa. Msimu ukifika, bonde zima lilinuka maganda yaliyochacha, na watu wa mjini wakipita waliziba pua. Kwetu sisi ile ilikuwa harufu ya karo na viatu vya Krismasi.

Mimi ni kifungua mimba, na kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba yake. Nyanya alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Kwa hiyo baba hakuniita kwa jina langu. Aliniita maitu, yaani mama, wala hakuwa anatania. Asubuhi alinisalimia kama mtu anavyomsalimia mamake. Akichinja kuku aliniuliza nataka kipande gani. Nikikataa jambo alimwambia mama yangu, "Maitu amekataa," na mara nyingi jambo hilo liliishia hapo. Mama alinung'unika kwamba nitaota pembe, na kweli niliota. Mtoto wa miaka minane anayeitwa mama na mwanamume mwenye masharubu huamini kwamba neno lake lina uzito. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba heshima ile ilikuwa ya marehemu na mimi nilikuwa naibeba tu.

Mkubwa wa meza za kuanikia alikuwa Baba Wangari. Binti yake Wangari ndiye niliyekaa naye dawati moja shuleni, na ndiye niliyeshikana naye mkono tukienda mtoni. Baba Wangari alikuwa mrefu, mpole, wa maneno machache, na mkono wake ulikuwa na maji saa zote. Jua likiwaka au baridi ya Julai ikikata, kiganja kililowa. Sisi watu wa huku hatupitani bila kupeana mkono, hata kama tumeonana asubuhi hiyo hiyo, kwa hiyo hapakuwa na mtu mlimani pale ambaye hakuujua mkono ule. Watu walimsalimia, kisha wakajifuta nyuma ya suruali bila ubaya wowote. Kina mama wa kiwandani walimtania kwamba kiangazi kikizidi watamwomba awanyweshee kabichi. Yeye alicheka tu, akaendelea kugeuza kahawa.

Kazi yake kubwa ilikuwa ya meno. Kahawa ikiingia ghalani kabla haijakauka huota ukungu, na ikikauka kupita kiasi hupasuka na kupoteza daraja. Baba Wangari alichukua punje moja kutoka mezani, akaiuma, akatulia kidogo kama anayesikiliza, kisha akasema, "Hii bado. Kesho kutwa." Hakukosea. Magunia ya kiwanda chetu hayakuwahi kurudishwa. Lakini mwaka ule jino moja la nyuma lilimtoka, na jingine likaanza kucheza, na jioni moja alikuja kwetu akakaa kwenye kigoda akamwuliza baba, "Fundi, haya meno yakiisha, nani atauma?"

Hivyo ndivyo sanduku la baba la kupimia kahawa lilivyozaliwa. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye watu walisema baba alilitengeneza ili amnyang'anye mwenzake kazi. Baba alilitengeneza kwa sababu rafiki yake alimwomba.

Lilikuwa mkebe wa biskuti. Ndani yake mlikuwa na betri, na transista mbili alizotoa kwenye redio mbovu. Juu palikuwa na mita ndogo yenye mshale, iliyotoka kwenye redio kubwa ya mzungu mmoja aliyeuza shamba akahama. Nyaya mbili zilitoka nje na kuishia kwenye misumari. Ukiichomeka misumari kwenye kahawa, umeme ulijaribu kupita kutoka msumari huu kwenda ule. Kahawa kavu iliuzuia, yenye maji iliuachia njia. Ila ulikuwa umeme mdogo mno, usioweza kuusukuma hata huo mshale. Jioni nyingi baba alichomea na kuchomoa, chuma chake kikipata moto kwenye jiko la mama, na mshale ukalala pale pale.

Alipofaulu alinieleza kwa mfano wa baraza la chifu. Chifu husema kwa sauti ndogo, kwa kuwa chifu hapigi kelele. Karani aliye karibu naye hurudia kwa sauti. Mpiga mbiu aliye mwisho kabisa hupaza hadi walio ng'ambo ya mto wakasikia. Transista ya kwanza ni karani, ya pili ni mpiga mbiu. "Lakini sikiza, maitu," aliniambia. "Hawa wawili hawaongezi neno. Wanaongeza sauti peke yake. Ikiwa hapa mwanzo kumesemwa maji, hata huku mwisho ni maji." Niliitikia kwa kichwa, kama mwenye kuelewa.

Kisha Baba Wangari alikuja kila jioni kwa majuma kadhaa. Aliuma punje, akasema neno lake, na baba akachomeka misumari kwenye kahawa hiyo hiyo na kuandika mstari juu ya kioo pale mshale ulipofika. Siku ambayo Baba Wangari alisema, "Hii sasa iende ghalani," baba alipiga mstari mwekundu. Kwa hiyo sanduku lile lilifundishwa na meno ya mtu yule.

Katika siku hizo hizo sukari ya mama ilianza kupungua. Mama akaniuliza, nikakana. Baba, aliyekuwa na vyombo vyake mezani, akasema kwa utani, "Basi tuulize sanduku." Akanipa misumari nishike, mmoja kila mkono. Vidole vyangu nilikuwa nimetoka kuvilamba nyuma ya nyumba. Mshale uliruka ukagonga mwisho wa kioo, nami nikaangua kilio nikaungama yote, sukari pamoja na yai la juzi ambalo hakuna aliyeniuliza. Baba alicheka hadi akajifuta macho. Hakunieleza kwamba ni mate yangu yaliyopitisha umeme. Pengine aliona ni mchezo tu, au labda alipenda kuona chombo chake kinaogopwa. Mimi nililala siku ile nikijua kwamba baba yangu ametengeneza kitu kinachojua moyo wa mtu.

Zilikuwa zile nyakati ambapo kahawa ilipanda bei na watu wakaanza kulala nayo vitandani kama mtoto mchanga. Asubuhi moja magunia matatu hayakuonekana ghalani. Mlango haukuvunjwa. Funguo zilikuwa mbili: moja ya karani wa kiwanda, nyingine ya Baba Wangari. Karani alikuwa kijana nadhifu mwenye kalamu mfukoni, na alikuwa amesoma. Habari ikapanda mlima kabla ya saa nne, na kufikia saa sita kamati yote ilikuwa imesimama kati ya meza za kuanikia, watu wamezunguka, kila mmoja akiwa na hasira ya jasho lake.

Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimemletea baba githeri yake ya mahindi na maharagwe, nikasimama kando yake nimekumbatia sufuria. Mwenyekiti wa kamati alikuja akamwelekezea baba fimbo yake. Alisema amesikia fundi ana chombo cha kupima. Akamwuliza kama kinaweza kupima na watu.

"Hapana, mwenyekiti," baba alisema. "Hii inajua maji peke yake. Mtu haijui."

Hapo ndipo niliposema mimi. Hakuna aliyeniuliza. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu wazima wote wale, "Inajua. Ilinishika na sukari."

Watu walicheka. Mwenyekiti aliinama akanitazama, akauliza huyu ni nani. Baba akajibu kama alivyozoea kujibu, kwa upole, "Huyu ni mama yangu."

"Basi fundi," mwenyekiti akasema, "ikiwa mama yako amesema inajua, wewe ni nani umkatalie?"

Kicheko kikawa kikubwa, na baba naye akacheka. Nimekipima kicheko kile miaka yote hii. Kama asingecheka, angeweza kukataa mara ya pili. Lakini mtu akishacheka pamoja na watu, kukataa kwake kunaonekana ni kuharibu shughuli. Halafu, na hili nalisema sasa kwa kuwa hayupo wa kuumia, kamati ile haikuwahi kulitazama sanduku lake. Alikuwa ameomba mara mbili walione, wakamwambia mambo ya vinyago awaachie watoto. Siku ile kwa mara ya kwanza walikuwa wamesimama wote wanalisubiri. Akaenda kulileta.

Wazee wetu walikuwa na viapo vyao, vya mbuzi na vya mawe, na aliyeapa uongo alingojewa miezi mingi hadi mauti yaseme. Watu wa kanisa walikuwa wameviacha, lakini kule kungoja kitu kiseme kulikuwa bado ndani yao. Nilipoona wanaume wanavua kofia mkebe wa biskuti ulipowekwa juu ya meza, sikuona ajabu. Nami nilikuwa naungoja.

Karani alishika kwanza. Mikono yake ilikuwa ya karatasi, mikavu. Mshale ulinyanyuka kidogo ukatulia chini kabisa, na watu wakapumua. Kisha akaitwa Baba Wangari. Alijifuta viganja kwenye koti lake, akajifuta tena, akamtazama baba.

"Fundi," alisema, "wewe unanijua."

Baba alikuwa anatazama mita. Baba Wangari akashika misumari, na mshale ukapanda ukapita mstari mwekundu, ukaenda ukagonga mwisho, ukakaa huko.

Nakumbuka mfereji ukipita na maji yake kuliko kitu kingine. Baba Wangari aliweka misumari chini polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha mwenyewe. Akainua mikono yake miwili, viganja vikiwaelekea watu, vikimeta.

"Mikono yangu ni hivi tangu nizaliwe," alisema. "Nyinyi wote mmenisalimia."

Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Hapakuwa na mtu pale ambaye hakuwa amejifuta mkono ule nyuma ya suruali yake asubuhi ile ile. Walijua. Baba alijua kuliko wote, kwa kuwa alijua na kilicho ndani ya mkebe. Akafungua mdomo, nikamwona, akaufunga. Mwenyekiti akasema mashine haina ndugu, akanyosha mkono apewe ufunguo. Baba Wangari aliutoa shingoni mwake, ulikokuwa umefungwa kwa kamba, akauweka juu ya meza badala ya kumpa, akaupanda mlima peke yake.

Na mimi je? Ningependa kuandika kwamba nililia. Nilifurahi. Nilitembea kwenda nyumbani na sufuria tupu nikijiona mkubwa, kwa kuwa nilikuwa nimesema neno na likawa. Jumatatu shuleni Wangari alikuja kukaa mahali pake, nami nikasogea. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayeitwa mama, kwamba sanduku halidanganyi. Wangari alifungua kiganja chake juu ya dawati, akakiacha pale. Kilikuwa kimelowa, kama kilivyolowa kila siku tulipoenda mtoni tukishikana. Nilikitazama nikaona aibu ambayo sikuijua jina, nikafungua kitabu changu. Hatukusemezana tena. Mwezi haukuisha kabla wao hawajahama. Watu walisema wamekwenda Kangari, kwa kina mamake Wangari, kuchuma chai.

Msimu uliofuata dereva mmoja wa lori alikamatwa Sagana na magunia yenye alama ya kiwanda chetu. Hakusukumwa sana akamtaja karani. Ilikuwa rahisi hivyo. Kamati ilikutana, ikasikitika, ikaandika barua. Baba hakungoja barua. Alivaa koti lake la kanisani akapanda gari kwenda Kangari, akarudi siku ya pili na matope hadi magotini. Nilimsikia akimwambia mama kwamba alimpata Baba Wangari katikati ya chai, na kwamba mwenyeji alimkaribisha vizuri, akamwambia mke wake apike, wakala. Alipoombwa arudi kiwandani alisema hapana, chai ni nzuri, chai haiumwi na meno. Baba alipomwomba msamaha alisema yamepita. Mama akauliza kama basi yamekwisha. Baba akasema sivyo alivyosema, alisema yamepita.

Jioni ile baba aliufungua mkebe, akatoa transista, akatoa betri, akang'oa mita, na mkebe akampa mama atie chumvi. Na tangu jioni ile hakuniita maitu tena. Aliniita kwa jina langu, kama mtu mwingine yeyote. Niliamini amenichukia. Nilikua nikiamini hivyo, nikasoma, nikaajiriwa kufundisha, na kila aliponiita kwa jina moyo uliniuma. Ilinichukua hadi niwe na watoto wangu kuelewa kwamba hakuweza kumtazama mamake usoni baada ya lile alilofanya mbele yake, na kwamba alikuwa ananitua mzigo nisiostahili kuubeba. Alinitua, lakini nilikuwa nimekwisha kuutumia.

Kwa sababu baba aliniambia mapema, kwa lugha ya kueleweka na mtoto: karani na mpiga mbiu hawaongezi neno. Sanduku lilisema maji, kweli tupu. Aliyeongeza neno ni mimi.

Nilimwona Baba Wangari mara moja tu baadaye. Nilikuwa mwalimu kijana, nikingoja gari Sagana, siku ya soko, na yeye alikuwa ameketi juu ya gunia la nduma akingoja la kwake. Alikuwa amezeeka, meno ya mbele hayapo. Nilijua ni yeye kabla sijajua nimejuaje. Nikamwendea nikamwambia mimi ni binti wa nani. Akatabasamu, akauliza fundi hajambo, akasema Wangari ameolewa na ana mapacha. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno yangu miaka mingi, nikayaacha. Nikanyosha mkono nimsalimie, nikifikiri nitaushika ule mkono na maji yake na sitajifuta, na yeye ataelewa.

Unajua jinsi mtu anayelima au anayekula anavyosalimia akiwa na mkono mchafu: hukunja ngumi akakupa kifundo, umshike hapo. Baba Wangari hakuwa analima wala hakuwa anakula. Alikunja vidole vyake ndani, akakificha kiganja, akanielekezea kifundo cha mkono bila kufikiri, kwa namna ya mtu aliyekwisha kuzoea kuwasalimia watu wote hivyo.

Gari langu lilikuwa linaitwa. Nilikishika kifundo kile. Kilikuwa kikavu.